9 mm, .38 au .45: kaliba ipi ya bastola inatosha kwa kujilinda?

Msomaji wa Nyakato, Mwanza, anauliza: "Shikamoo kaka. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nanunua visiwani Ukerewe na kuuza Mwaloni, Kirumba. Mwaka huu wezi wameshanivamia nyumbani mara mbili, na mara ya pili walimkata jirani yangu panga la bega. Nimeomba leseni ya kumiliki bastola na maombi yanakwenda vizuri. Sasa ushauri ndio unanichanganya. Rafiki yangu mmoja anasema nisishike kitu chini ya .45, kwa sababu hiyo ndiyo inamwangusha mtu papo hapo. 9 mm eti inapita tu mwilini na jambazi anaendelea kuja. Mwingine ana rivolva ya .38 aliyokuwa nayo baba yake na anaisifia sana. Muuzaji naye ananivutia kwenye kibastola cha .32, chepesi, kinakaa mfukoni. Ipi inatosha? Risasi haitapenya ukuta ikamkuta jirani? Na mke wangu ataweza kuitumia nikiwa safarini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa yaliyokupata, na umpe pole jirani yako.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze nimelipataje. Kaliba ni kipenyo cha risasi kwa kukadiria: 9 mm imepimwa kwa milimita, na .32, .38 au .45 ni sehemu ya inchi. Nunua 9 mm ya kawaida, ile inayoandikwa 9x19 au 9 mm Parabellum, ya umbo la kujaa mkononi. Rivolva (bastola yenye pipa la risasi linalozunguka) ya .38 nzima, iliyokaguliwa na fundi wa silaha, nayo inafaa, ila inadai mazoezi zaidi kuliko rafiki yako anavyodhani. .45 ni risasi nzuri, lakini hailingani na sifa anazopewa. Kile kibastola cha .32 kiache dukani.

Sasa tuiangalie hii habari ya "kumwangusha mtu papo hapo", maana ndiyo inayowapotosha wengi, na mtu akiiamini anaweza kufa mkononi ana bastola ya gharama kubwa.

Hakuna bastola inayomrusha mtu chini kwa nguvu ya msukumo. Msukumo unaompata anayepigwa hauwezi kuzidi ule unaoupata mkono wa anayepiga, na wewe unayepiga huanguki. Chukua hesabu yenyewe. Risasi ya .45 ina uzito wa gramu 15 hivi na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 255 kwa sekunde. Ikimpata mtu wa kilo 70 na ikabaki yote mwilini mwake, inamsogeza kwa mwendo wa sentimita 5 hivi kwa sekunde. Risasi ya 9 mm ya gramu 8 inayokwenda mita 350 kwa sekunde inamsogeza sentimita 4. Mtu anayetembea taratibu barabarani anapiga zaidi ya sentimita 100 kwa sekunde. Wale unaowaona kwenye filamu wakipaa na kuvunja kioo cha nyuma wanavutwa na kamba.

Kama si msukumo, basi ni nini kinachomsimamisha mtu? Ni mambo matatu, na nakuomba uyashike vizuri, kwa sababu kila swali la kaliba linarudi hapo.

La kwanza ni risasi kufika kwenye ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Hapo mwili unazimika mara moja. Lakini hilo ni eneo dogo, limezungukwa na mfupa, liko juu ya mwili unaokimbia gizani, na binadamu mwenye hofu hawezi kulilenga kwa uhakika. La pili ni kupoteza damu hadi shinikizo lishuke na ubongo ukose hewa. Hili huchukua muda. Wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliandika mwaka 1989 kwamba hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa hiari yake kwa sekunde 10 hadi 15. Hesabu taratibu hadi kumi na tano, ukijiwekea picha ya mtu mwenye panga aliye hatua sita kutoka kwako, halafu uniambie kama bado unategemea risasi moja, ya kaliba yoyote ile. La tatu ni akili ya mtu mwenyewe: anaogopa, anaumia, anasikia mlio, anaamua kukimbia au kulala chini. Hili ndilo hutokea mara nyingi, na ndilo linalozalisha hadithi za vijiweni. Mtu alipigwa na .45 akaanguka, basi sifa zinakwenda kwa .45. Yule aliyepigwa na .22 akaanguka vilevile hana wa kumsimulia. Tatizo ni kwamba aliyelewa, aliyevuta kitu, au aliyeshikwa na hasira kali anaweza asijue hata kama amepigwa.

Hadithi ya rafiki yako ina asili yake, na si ya uongo mtupu. Mwanzoni mwa karne iliyopita jeshi la Marekani lilikuwa likipigana na wapiganaji wa Kimoro kule Ufilipino. Maofisa wake walikuwa na rivolva za .38 Long Colt, risasi dhaifu ya zamani (si ile .38 Special ya leo), na walilalamika kwamba mtu anapigwa nayo mara kadhaa na bado anafika na kisu. Mwaka 1904 maofisa wawili, John Thompson wa idara ya silaha na Louis LaGarde, daktari, walipewa kazi ya kufanya majaribio. Walipiga maiti za watu na ng'ombe hai wa machinjioni Chicago kwa kaliba mbalimbali, wakahitimisha kwamba bastola ya kijeshi isiwe chini ya .45. Ukisoma jinsi walivyofanya, utaona wanyama walikuwa wachache mno na matokeo yalipishana kiasi kwamba leo hakuna mtafiti angeyakubali. Lakini hitimisho lilipita. John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, akatengeneza risasi ya .45 ACP na bastola yake, jeshi likaipokea mwaka 1911, na ikadumu kuwa bastola yao rasmi hadi 1985, ilipochukuliwa nafasi na Beretta ya 9 mm. Silaha iliyopita vita kuu mbili na askari wa vizazi vitatu lazima iwe na waimbaji wake.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu rafiki yako anaposema 9 mm haitoshi, naye ana tukio la kweli nyuma yake. Tarehe 11 Aprili 1986, Miami, maafisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki. Mmoja wao, Michael Platt, alipigwa mapema katika mapambano na risasi ya 9 mm iliyopita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lilitosha kumuua baadaye, lakini aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Maafisa wawili walikufa na watano walijeruhiwa.

FBI walijiuliza swali lilelile unaloniuliza wewe. Walikwenda kwa wataalamu wa majeraha ya risasi, akiwemo Dakta Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyepasua majeruhi wa Vietnam na baadaye akaongoza maabara ya majeraha ya risasi San Francisco. Jibu walilopata lilikuwa hili: risasi ya bastola inaharibu kile inachokigusa na kukikata, basi. Ile hali ya nyama kutanuka kwa muda risasi inapopita, ambayo kwa bunduki ya vita huchana viungo vya jirani, kwa bastola ni ndogo. Misuli na mapafu vinatanuka na kurudi mahali pake. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama risasi inafika ndani ya kutosha. Upana wa tundu unakuja nyuma ya hilo. Wakaweka kipimo: risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 46 kwenye jelatini maalumu iliyotengenezwa kufanana na nyama, hata baada ya kupita kwenye nguo nzito. Sentimita 30 zinaonekana nyingi ukimwangalia mtu wa mbele, kifua wazi. Lakini mtu anayekujia ananyoosha mkono, amegeuka upande, risasi inapita kwanza kwenye mkono kama ilivyokuwa Miami.

Baada ya hapo FBI walihamia 10 mm, wakaona inapiga teke (inausukuma mkono nyuma) kali mno kwa maafisa wengi, wakaenda kwenye .40 iliyotoka mwaka 1990, na polisi wengi wa Marekani wakawafuata. Kisha katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 mm. Sababu zao walizieleza wazi: vichwa vya risasi vya kisasa vya 9 mm vinafika kina kilekile na .40 na .45, majeraha hayatofautishiki kwa macho ya daktari, na maafisa wao walio wengi wanapiga haraka zaidi na kulenga vizuri zaidi kwa 9 mm. Taasisi iliyoikimbia kaliba hii baada ya kuzika watu wake imeirudia baada ya miaka zaidi ya ishirini ya vipimo. Mimi nautilia uzito mkubwa ushahidi huo kuliko wa kijiweni.

Nikuwekee namba ulinganishe mwenyewe. Ni za risasi za kawaida za kiwandani, zinapanda na kushuka kidogo kwa kutegemea urefu wa mtutu. Nguvu ya 9 mm ikitoka mtutuni ni jouli 490 hivi. .45 ni 480 na kitu. Ndiyo, zinalingana, moja ni nyepesi na ya kasi, nyingine nzito na ya polepole. .38 Special yenye kichwa cha risasi cha gramu 10 ni kama 270. 9 mm fupi, ile inayoitwa pia .380, ni 260. .32 iko chini ya 180. Halafu weka pembeni risasi ya AK, ambayo ni zaidi ya jouli 2,000. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli, kati ya bastola na bunduki ndefu. Ugomvi wa 9 mm na .45 ni wa ndugu wa nyumba moja: kipenyo kinazidiana milimita mbili na nusu, robo ya sentimita tu. Robo sentimita hiyo itakusaidia pale risasi yako inapopita pembeni kidogo tu ya mshipa mkubwa. Ukikosa kwa upana wa kiganja, haisaidii kitu.

.32 siikatai kwa dharau. Imeua watu wengi tangu Browning aitengeneze mwaka 1899, na hakuna anayependa kupigwa nayo. Ila ukichagua kichwa cha risasi kinachotanuka, mara nyingi hakifiki kina kinachotakiwa. Ukichagua kigumu, tundu ni dogo sana. Na kibastola chenyewe ni kifupi, alama zake za kulengea ni ndogo, mkono unakishika kwa vidole viwili. Muuzaji anakusifia wepesi kwa kuwa wepesi ndio unaoonekana dukani. Wewe unataka kitu cha kukaa nyumbani, kwenye sanduku la chuma. Wepesi wa nini?

Sasa teke. Hapa ndipo 9 mm inapomshinda .45 kwa mtu wa kawaida. .45 inausukuma mkono kwa theluthi moja zaidi ya 9 mm katika bastola za uzito unaolingana, na magazini yake ya kawaida huchukua risasi 7 au 8, wakati 9 mm ya ukubwa uleule huchukua 15 hivi. Kwa sababu nimeshakueleza kwamba huwezi kutegemea risasi moja, swali linakuwa: ya pili na ya tatu utazipeleka wapi, na baada ya muda gani? Mtu asiyefanya mazoezi kila wiki, akishika .45, risasi ya kwanza inakwenda anapotaka, ya pili inakwenda darini. Nimefundisha watu wazima kulenga kwa miaka mingi, wenye misuli na wasio na misuli, na wengi wao, nikiwaondoa kwenye kaliba kubwa na kuwapa 9 mm, matundu kwenye karatasi hukusanyika siku hiyohiyo.

Rivolva ya .38 ina sifa moja ninayoipenda: risasi ikigoma, unavuta tena na tundu linalofuata linakuja. Haina magazini ya kulegea springi, na hukwama mara chache. Lakini ukivuta bila kuinua nyundo kwanza, kifyatulio chake kina uzito wa kilo tano hivi, mara mbili ya bastola nyingi za magazini, na kidole kinachovuta uzito huo kinautingisha mtutu wote. Zile fupi nyepesi ndizo mbaya zaidi kwa anayeanza. Watu wanadhani ni za kike au za wazee, kumbe zinapiga teke kuliko kubwa. Na ziko risasi tano au sita tu. Kama ya baba wa rafiki yako ina mtutu mrefu na imetunzwa, ni silaha ya heshima. Fundi aangalie kama pipa la risasi linakaa sawasawa na mtutu, kwani rivolva iliyochakaa hutema vipande vya risasi pembeni.

Jambo moja la usalama ambalo wengi hawalijui: "9 mm" ziko za aina kadhaa na haziingiliani. Kuna 9x19 ninayokushauri. Kuna 9x18 ya Makarov ya Kirusi, ambayo kichwa chake ni kipana kidogo kuliko cha 9x19. Kuna 9x17, ndiyo ile fupi. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yale ya kitakoni mwa ganda, yafanane. Usikubali mtu akuambie "zote naini".

Kuhusu aina ya risasi, ziko mbili za kuzijua. Kuna yenye kichwa kizima kilichofunikwa shaba, ambayo inapenya sana na tundu lake ni jembamba. Na kuna yenye shimo kichwani, ambayo ikiingia kwenye maji ya mwili inafunguka, inaongezeka upana, inapungua mwendo na mara nyingi inabaki humohumo. Hii ya pili ilikatazwa vitani kwa Azimio la The Hague la 1899, ndiyo maana wengi hudhani ni haramu kila mahali. Azimio lile linahusu vita baina ya mataifa, na polisi wa nchi nyingi huitumia kwa kuwa mara nyingi haipiti mwilini na kumjeruhi asiyehusika. Wewe muulize ofisa wa silaha wa polisi anayeshughulikia leseni yako unaruhusiwa kununua ipi, kisha ununue hiyo tu, kwa duka lenye kibali. Ukiambiwa ni ya kichwa kizima, 9 mm bado inatosha, ila yatakayofuata hapa chini yanakuhusu mara mbili.

Umeuliza kama risasi itapenya ukuta ikamkuta jirani. Hilo ndilo swali bora katika barua yako yote, na kwa Mwanza lina uzito wa pekee.

Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa vizuri, au wa bloku nzito, mara nyingi unaizuia risasi ya bastola. Lakini nyumba si ukuta mtupu. Bati halizuii kaliba yoyote kati ya hizi, wala mlango wa mbao, wala dari, wala kioo, wala kibanda cha mbao cha mpangaji wako wa nyuma. Ikishatoka nje, 9 mm inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Sasa fikiria mji wetu ulivyokaa. Ukiwa Mabatini au Igogo, nyumba zimepanda mlima, ya jirani iko juu ya kichwa chako na nyingine iko chini ya miguu yako. Risasi iliyokosa ikapita dirishani haiendi porini, inaingia chumbani kwa mtu. Nyakato kwako ni tambarare zaidi, lakini nyumba zimebanana vilevile.

Halafu kuna mawe. Miamba hii tunayopigia picha watalii ni granaiti. Risasi iliyofunikwa shaba ikiligonga jiwe la namna hiyo kwa pembe, haikwami. Inaruka na kwenda kusikojulikana, au inapasuka vipande. Kama nyuma ya nyumba yako kuna jabali, usilihesabu kuwa ni ngao ya jirani. Ni kinyume chake.

Na maji. Unanunua dagaa visiwani, basi bila shaka unasafiri ziwani na pesa za mzigo, na najua wavuvi na wafanyabiashara wanavyoibiwa injini za boti usiku. Risasi ikipigwa kwa pembe ya chini juu ya maji haizami. Inadunda, tena inaweza kudunda zaidi ya mara moja. Usiku wa giza, ziwa limejaa taa za wavua dagaa kila upande. Kila taa ile ina watu chini yake. Mtumbwi unayumba, wewe unayumba, unayemlenga anayumba. Kwa maoni yangu bastola ndani ya mtumbwi ni hatari kwako na kwa wenzako kuliko kwa mwizi, na pesa ya mzigo siku hizi inaweza kutumwa kwa simu. Injini waache waende nayo.

Hapo sheria nayo inakutazama. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 na herufi zake, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na inasema wazi kwamba aliyezidisha atawajibika kwa alichokifanya. Kuua kwa kujitetea kunategemea hatari kubwa iliyokuwa mbele yako wakati huo, kama vile hofu ya kweli ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya. Mwizi anayeruka ukuta na televisheni yako mgongoni, amekupa kisogo, si hatari hiyo. Ukimpiga, kesi ni yako, na kaliba haitaulizwa. Umiliki wenyewe uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Isome au usomewe kabla hujalipia chochote.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Kabla ya siku ya shida, mchana, kaa kitandani na utazame mlango wa chumba. Nyuma ya mlango ule kuna nini? Na nyuma ya hapo? Watoto wanalala upande gani? Chagua mahali pa kusimama ambapo risasi iliyokosa itaingia kwenye ukuta mzito wa nje ulio tupu, na si kwenye chumba cha watoto. Kama mahali hapo hapapo, badilisha vyumba. Imarisha milango na taa za nje kwanza. Panga linahitaji kukufikia, na kila dakika anayoipoteza mlangoni ni dakika ya kupiga 112 na ya kupiga mwano (yowe la kuomba msaada) majirani watoke.

Mazoezi ni lazima, mahali panaporuhusiwa na kwa kufuata maelekezo ya polisi. Risasi si rahisi kwa bei, na hiyo ni sababu nyingine ya 9 mm, kwani kwa kawaida ni nafuu kuliko .45. Lakini mazoezi mengi hayahitaji risasi: bastola tupu, umeikagua kwa macho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine, unalenga alama ukutani na kuvuta bila kuutingisha mtutu. Dakika chache kila jioni zinamjenga mtu. Vaa vizuia sauti masikioni ukipiga kweli. Mlio wa bastola unafika desibeli 160, na ndani ya chumba kidogo mara moja tu inatosha kukuachia mlio sikioni maisha yako yote.

Utunzaji ni mfupi. Hewa ya ziwani ina unyevu na mkono una jasho, kwa hiyo futa kwa mafuta mepesi kila ukiishika, na usiiache ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hunyonya maji na kutu huanzia hapo. Risasi zikae pakavu, zisipakwe mafuta. Mafuta yanaweza kuingia kwenye fataki yake (kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda) na kuifanya igome.

Mke wako. Leseni hutolewa kwa mtu na kwa silaha iliyotajwa. Si ya familia. Ukiwa Ukerewe, bastola iwe imefungwa kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na ufunguo usiwe mahali ambapo mtoto au shemeji anaweza kuuona. Usimwachie mke wako silaha ambayo akiitumia, hata kwa haki, wa kwanza kushtakiwa ni yeye na wa pili ni wewe. Mwekee chumba chenye mlango imara unaofungwa kwa ndani, simu yenye chaji, filimbi, na namba za majirani wawili watakaoamka kweli. Kama naye anataka kumiliki, aombe leseni yake mwenyewe na apate mafunzo yake mwenyewe. Na siku atakapokwenda kuchagua, uwe naye, kwa sababu wauzaji humpa mwanamke rivolva fupi au kile cha .32 bila hata kumuuliza. Aombe kushika 9 mm ya ukubwa kamili, ile ya kilo moja hivi. Uzito huo ndio unaomeza teke, na vidole vyake vitapata mahali pa kushika.